Kupanda mti utakaokuzidi umri

Mti wa kuishi miaka mia tatu hujengwa au huharibiwa katika miaka yake mitano ya mwanzo. Baada ya hapo hujiendea wenyewe, na kasoro iliyojificha chini ya udongo haigusiki tena. Sisi tunaoupanda hatutauona ukiwa mzima, lakini hiyo miaka mitano imo mikononi mwetu, nami naona ni dhamana kubwa. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye mahali, mbegu na mizizi.

Mahali

Watu huniuliza kwanza wapande mti gani. Mimi huanza na mahali. Chomeka kijiti pale unapopataka, funga kamba ya mita 15, kisha uzunguke nayo. Ndani ya duara hilo kusiwe na ukuta, nyaya za umeme, bomba, wala ardhi ambayo mtu ataitamani kujengea. Mbuyu au mvule mzima hutandaza matawi mita kumi na zaidi kila upande, na mizizi huenda mbali kuliko matawi, mara nyingi mara mbili au zaidi. Tena sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mti hukaa karibu na uso wa ardhi, kwenye sentimita 60 za juu. Kwa hiyo udongo unaouzunguka ni sehemu ya mti. Magari yakiushindilia au ukimwagiwa saruji, mti huanza kufa taratibu, na wenye nao hushtuka baada ya miaka kadhaa matawi ya juu yanapokauka.

Jiulize pia ardhi hiyo itakuwa ya nani wewe ukiwa haupo. Kule Anuradhapura, Sri Lanka, upo mti wa jamii ya mikuyu ambao, kwa kumbukumbu za huko, ulipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo. Unahesabiwa kuwa mti mkongwe kuliko yote iliyopandwa na binadamu na ambayo tarehe yake ya kupandwa inajulikana. Umefika hapo kwa sababu kila kizazi kimekuwa na watu waliopewa kazi ya kuulinda: kuujengea ukuta, kuyashikilia matawi kwa nguzo, kuufukuzia wanyama. Ardhi ya ibada, ya makaburi, ya shule au ya ukoo isiyogawanywa ina nafasi nzuri zaidi kuliko kiwanja kinachoweza kuuzwa kesho. Kama kiwanja ni chako, mti huo uandikwe kwenye wosia kwa kutajwa mahali ulipo.

Mti gani

Chagua mti ambao wakubwa wake tayari wanasimama katika udongo wa aina hiyo. Mkwaju huvumilia ukame na huishi zaidi ya karne mbili. Mvule unataka udongo wenye kina na mvua ya kutosha. Mpingo hukua polepole mno, miaka 70 hadi 100 kabla haujafikia unene wa kuvunwa, na ukiwa mchanga unahitaji kukingwa dhidi ya moto. Mbuyu ndio wenye umri mrefu kuliko yote hii: ule ulioitwa Panke, nchini Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na miaka 2,450 hivi ulipokufa mwaka 2011.

Kuhusu mibuyu kuna jambo la kulizingatia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya mibuyu 13 mikongwe kabisa iliyojulikana, 9 ilikuwa imekufa, au mashina yake ya zamani zaidi yameanguka, ndani ya miaka 12 iliyotangulia. Watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi, bila kuthibitisha. Mimi nalichukulia kama onyo. Mti unaoupanda leo utakutana na joto na ukame usioujua wewe, kwa hiyo usitegemee aina moja tu, wala mbegu za mti mama mmoja. Okota kwa mama watano au zaidi walio mbalimbali, na kama unaweza, wawemo waliokulia sehemu kavu kuliko kwako.

Mbegu

Kila mbegu ina tabia yake. Ya mbuyu ina ganda gumu linalozuia maji. Likwangue kidogo kwa tupa upande mmoja mpaka uone weupe, kisha loweka usiku kucha. Mbegu za mkwaju hutosheka na kulowekwa hivyo hivyo. Mvule una mti dume na mti jike, kwa hiyo usihangaike chini ya dume. Mbegu zake ni ndogo sana na hupoteza uhai mapema, zisie zikiwa mbichi. Mbegu za mwaloni (oak) hazitakiwi kukauka hata kidogo, zikikauka zimekufa.

Kwa miti inayoshusha mzizi mkuu upesi, kama mbuyu na mwaloni, nashauri kusia papo hapo utakapokaa. Weka mbegu tatu katika shimo moja mwanzo wa mvua, na baada ya msimu mmoja bakisha mche wenye nguvu kuliko wenzake. Mzizi mkuu ukiteremka bila kuguswa unapata kitu ambacho hakuna kitalu kinachoweza kuurudishia. Usishangae mche wa mbuyu ukiwa na majani ya kipande kimoja. Yale yanayogawanyika kama vidole huja baadaye, na wengi wameung'oa wakidhani ni gugu.

Mizizi: hapa usiwe na haraka

Ukitumia viriba, yaani mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, jua adui yako ni duara. Mzizi ukifika kwenye nailoni hauna pa kwenda, hugeuka na kuzunguka. Mche unaonekana mzuri, una majani ya kijani, unauzika. Ukishapandwa, mizizi ile inaendelea kunenepa katika duara lile lile, na baada ya miaka ishirini au thelathini hulikaba shina lenyewe. Upepo mkubwa mmoja unatosha kuuangusha. Hakuna mbolea inayotibu hilo.

Kwa hiyo nunua au kuza miche midogo. Mche wa sentimita 30 wenye mizizi iliyonyooka utaupita ule wa mita mbili uliokaa kwenye kiriba miaka mitatu. Siku ya kupanda chana kiriba chote ukitoe. Angalia chini: kama mzizi mkuu umepinda kama ndoano, utupe mche huo, hata kama roho inauma. Kama ni mizizi myembamba tu inayozunguka, chukua kisu kikali, kata sentimita mbili za chini, kisha pasua pembeni mara tatu au nne kutoka juu hadi chini. Mizizi mipya itatoka pale ilipokatwa na kuelekea nje.

Shimo liwe pana kuliko kina: upana mara mbili au tatu ya bonge la udongo wa mche, kina sawa na bonge hilo. Ardhi ikiwa ngumu, chimba zaidi uilainishe, lakini rudisha udongo na uushindilie kwa mguu kabla ya kuweka mche, ili usititie baadaye. Zikwaruze kuta za shimo kama ni mfinyanzi. Samadi nyingi chini ya shimo siipendi: inapooza hunywea na mche huzama nayo. Rudisha udongo ule ule uliotoka, na mboji iwekwe juu.

Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki juu ya ardhi, paonekane. Kupanda kwa kina kirefu huua miti mingi, tena polepole, kwa kuozesha gome.

Miaka ya malezi

Maji: mengi kwa mara chache. Lita 20 kwa wiki wakati wa kiangazi hushusha mizizi chini. Kikombe cha kila jioni huifundisha kukaa juu. Endelea hivyo kwa viangazi viwili. Palilia duara la mita moja, kwa sababu nyasi ndizo zinazonyang'anya maji. Tandaza matandazo unene wa sentimita 5 hadi 10, yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Uzio wa miiba ubaki mpaka kilele kipite midomo ya mbuzi na ng'ombe. Usiufunge mche kwenye mti wa kuegemea kama unasimama wenyewe, kwani kuyumbayumba kwa upepo ndiko kunakonenepesha shina.

Miche ya mvule hushambuliwa na mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye huleta uvimbe kwenye chipukizi na kuzikausha. Usiipande mingi pamoja. Ichanganye na miti mingine yenye kivuli chepesi.

Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu anza kupogolea. Unatafuta shina moja linaloongoza. Mashina mawili yanayopanda sambamba kwa pembe nyembamba, gome likiwa limebanwa katikati, hupasuka mti ukiwa mkubwa, na hapo huua watu. Chagua moja, jingine ulikate likiwa bado na unene wa kidole. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuangalia ndani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wetu. Hukizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta huo huanzia kwenye ile shingo iliyovimba mahali tawi linapotokea. Kata nje ya shingo hiyo, usiisawazishe na shina, wala usiache kisiki. Rangi na lami havina faida.

Kumbukumbu

Andika aina ya mti, tarehe, na mahali mbegu zilipookotwa, nakala moja kwako na nyingine kwa kijana anayeishi karibu na mti huo. Mfundishe kupogolea kwa kumpa kisu akate mwenyewe huku ukimwelekeza. Kibao usikipigilie misumari wala kukifunga kwa waya kwenye shina, kwa sababu waya utazama ndani ya gome na kulikaba. Chora maandishi kwenye jiwe, ulizike nusu yake mita mbili kutoka kwenye mti, nje ya mahali shina litakapofika likinenepa. Kwa mbuyu, weka mita sita.