Intaneti ya nyumbani imekata ghafla: jinsi ya kuripoti hitilafu hadi fundi afike

Mwongozo huu ni wa mwenye faiba nyumbani, hasa Dar na miji mingine ya Tanzania, ambaye kompyuta yake ilikuwa nzima asubuhi na mchana imegoma kufungua chochote. Nimetoka kuupitia mlolongo huu wote, kuanzia waya nyuma ya meza hadi dirisha la huduma kwa wateja, na jambo moja limenikaa: anayepiga simu kusema "intaneti haifanyi kazi" ataambiwa azime ruta na kuiwasha. Akipiga tena ataambiwa hivyo hivyo na mtu mwingine, mwenye sauti tamu kuliko wa kwanza. Anayepiga akiwa anajua tatizo limekaa wapi hupewa fundi.

Anza na malipo. Ndiyo, najua umelipa. Angalia tu kama yamefika, maana pesa hutoka kwenye simu saa hii na mfumo wa upande wa pili ukaamka kesho. Ule ujumbe wa muamala usiufute. Bando likiisha si kila mtoa huduma hukuletea ukurasa wa kukumbusha. Mara nyingi kurasa zinagoma tu kufunguka au zinatoa onyo la usalama, na unaweza kupoteza jioni nzima ukihangaika na kompyuta isiyo na kosa.

Je, ni kompyuta au ni laini?

Chukua simu, zima data, bakiza waifai ya nyumbani peke yake. Hapo kwenye kuzima data ndipo wengi wanapoteleza: simu inahamia kimyakimya kwenye bando lake, YouTube inacheza, mtu anaapa kwamba laini ni nzima. Data ikishazimwa, fungua kurasa mbili tatu ambazo hujazifungua siku hiyo. Simu ikipata, tatizo ni la kompyuta na usimwite mtu bado, kwa sababu wapo watoa huduma wanaotoza gharama ya fundi aliyekuja na kukuta laini yao haina shida.

Kama kinachogoma ni tovuti moja tu, hiyo nayo si ya kuripoti kama hitilafu ya laini. Mtandao wa X, kwa mfano, ulizuiwa nchini Mei 2025, na hakuna fundi wa ngazi atakayekufungulia.

Kwenye kompyuta yenyewe, tazama kwanza tarehe pale pembeni chini. Kwa kompyuta ya mezani katika nyumba ambayo umeme unakatika na kurudi, huyu ndiye mtuhumiwa wangu wa kwanza. Kwenye ubao mama kuna betri bapa ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikichoka, umeme ukikatika kompyuta inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Waifai inashika vizuri, alama zote zimejaa, lakini kila tovuti inakuonya kwamba muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo, kwa hesabu ya kompyuta yako, bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwa mkono na kila kitu kinarudi papo hapo. Kisha nunua betri. Ni ya bei ndogo na mafundi saa wengi wanayo.

Mtuhumiwa wa pili ni proksi, yaani mlango wa kati ambao kompyuta hupitishia mawasiliano yake. Baadhi ya programu za VPN za bure, hata ukishaziondoa, huacha kompyuta ikiendelea kutuma kila kitu kwenye mlango ambao haupo tena. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, sehemu ya proksi, uzime ya kuwekwa kwa mkono.

Baada ya hapo fungua dirisha jeusi: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter. Andika ipconfig. Anwani yako ya IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta na imejipa ya kubuni. Chomoa waya wa mtandao au kata waifai, unganisha upya, kisha andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikianza na 192.168, ulichopewa ni halali, endelea mbele. Pigia ruta kwa kuandika ping 192.168.1.1 (ruta nyingine hutumia 192.168.100.1, ile iliyoandikwa kwenye mstari wa "Default Gateway" ndiyo yako). Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo linaelekea kuwa baada ya ruta, na hilo ni la mtoa huduma. Zikijibu zote mbili lakini tovuti hazifunguki kwa majina, ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: andika ipconfig /flushdns, na ikigoma weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya kompyuta.

Dirisha hilo lipige picha ya skrini. Utaliambatisha baadaye, na hakuna kinachofupisha maongezi na dawati la huduma kama picha yenye maneno "Request timed out".

Taa za kile kiboksi

Sasa kasogelee kiboksi cha faiba. Usiangalie kama taa "zinawaka", angalia ipi. PON ikitulia kijani, kiboksi kimetambuliwa na kituo. PON ikipepesa bila kutulia, kinabisha hodi na hakifunguliwi. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa: waya umekatika mahali, umepindwa mno, au umechomoka. Fuata ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani, uone kama kabati halijaukandamiza au panya hajaula. Usichungulie ncha yake hata ukiona giza tupu, maana mwanga unaopita humo jicho halioni lakini unaweza kuliumiza.

LOS nyekundu baada ya mvua ya upepo au baada ya lori refu kupita mtaani haihitaji uchunguzi zaidi. Toka nje utazame nguzo.

Na kama taa zote ni nzuri lakini mtaa mzima unalalamika, na wa mitandao ya simu wanalia pia, tulia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Afrika Mashariki nzima ikakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo tiketi yako, yaani taarifa ya hitilafu uliyosajiliwa kwa namba, ni moja tu kwenye rundo.

Kuripoti

Piga simu kama utaratibu unavyotaka, lakini maneno yenyewe yaandike kwa barua pepe au WhatsApp rasmi ya mtoa huduma, siku hiyo hiyo. Simu haiachi ushahidi. Ujumbe unaofanya kazi ni mfupi na hauna hasira:

"Akaunti namba … kwa jina la …, mtaa wa …, karibu na … Huduma imekatika tarehe … kuanzia 14:00. Taa ya LOS ni nyekundu, PON imezima. Vifaa vyote vimeathirika, vya waya na vya waifai. Umeme upo. Kiboksi kimezimwa na kuwashwa upya, hakuna mabadiliko. Malipo yapo, muamala namba … Naomba namba ya tiketi na siku ya fundi kufika."

Umeona nimeandika 14:00 na si saa 8 mchana. Mfumo wao unahesabu hivyo, na anayejaza tiketi akisikia saa 8 anaweza kuandika 8:00, kisha ukaambiwa rekodi zinaonyesha asubuhi ile laini yako ilikuwa hai. Ilikuwa hai kweli.

Namba ya tiketi ndiyo kila kitu. Ukiambiwa "tumeshalipokea mpendwa mteja, linafanyiwa kazi", jibu kwa upole: "Asante dada, naomba namba yake." Usikate simu kabla hujaiandika. Bila namba hiyo, kesho unaanza upya, kuanzia kuzima ruta na kuiwasha.

Kile kitundu

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo soma taratibu.

Nyuma au chini ya kiboksi kuna kitundu kidogo, ndani yake kitufe kinachobonyezwa kwa pini. Siku laini yetu ilipokatika, kijana wa huduma kwa wateja, baada ya kumaliza maswali ya kwenye karatasi yake, aliniagiza nishike pini nibonyeze sekunde kumi. Kilibonyezwa. Taa zote zikapepesa, waifai ikarudi na jina la kiwandani, na kijana akaniambia nisubiri fundi.

Ambacho hakusema ni kwamba kitendo hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la akaunti na nywila ambazo kiboksi hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, yale mambo ya PPPoE ambayo fundi aliyekufungia aliyaingiza siku ya kwanza na hukuyaona tena. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kitundu kinafuta.

Waya uliokatika kwenye nguzo ukaungwa. LOS ikazima, PON ikatulia kijani. Kwenye skrini za ofisini laini ilikuwa inang'aa, kwa hiyo tiketi ikafungwa, na ujumbe ukaja wa kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Nyumbani hakuna hata ukurasa mmoja uliofunguka, kwa sababu kiboksi kilikuwa kimesahau jina lake. Kupiga simu tena ikawa ni kubishana na mfumo: "Kaka, hapa kwetu inaonyesha iko hewani." Tiketi mpya, foleni mpya, fundi mwingine, wakati siku za kifurushi kilicholipiwa zinaendelea kuhesabika na familia inakula bando za simu. Fundi alipofika hakufungua hata begi. Aliandika mistari miwili kwenye ukurasa wa kiboksi, akanywa maji, akaondoka.

Kwa hiyo, mtu wa simu akikutajia pini, muulize kwanza: "Nikibonyeza, mipangilio ya laini yangu mnaweza kuirudisha kutoka huko mliko?" Wapo watoa huduma ambao mfumo wao huisukuma mipangilio yenyewe, na hao hujibu ndiyo bila kusita. Akisita, au akianza kukuweka kwenye muziki, usibonyeze. Sema utamsubiri fundi.

Na leo hii, kabla hakijakatika chochote, omba jina la akaunti ya PPPoE na nywila yake kwa ujumbe wa maandishi. Ukiingia mwenyewe kwenye ukurasa wa kiboksi kwa maelezo ya kibandiko cha chini, utaliona jina, lakini nywila huwa ni nukta tupu. Piga picha ukurasa huo hata hivyo, na uziweke picha hizo kwenye simu. Ukiziweka kwenye kompyuta pekee au huko mawinguni, siku ya shida hutazifikia.

Fundi akifika

Mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga. Kwa faiba nyingi za nyumbani, usomaji wa kati ya hasi 15 na hasi 25 dBm ni afya. Ukikaribia hasi 27 laini inaweza kuwa inakatakata, hata kama siku ya kupimwa inafanya kazi. Piga picha namba hiyo. Usithibitishe kwamba tatizo limekwisha kabla kompyuta yenyewe, siyo simu ya fundi, haijafungua kurasa. Na kama kuna waya umeachwa ukining'inia dirishani, ndio wakati wa kusema, kwa sababu akishapanda boda humpati.

Wasipokusikiliza

TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, haipokei lalamiko ambalo hujalipeleka kwanza kwa mtoa huduma wako, na ndiyo maana nimesisitiza maandishi na tiketi. Unaandika barua au unajaza fomu ya malalamiko, unaambatisha tiketi zote kwa mpangilio wa tarehe, risiti, picha za taa na majibu uliyopewa, hata yale ya "mpendwa mteja". Kwa Dar ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, na kuna ofisi za kanda pia. Msingi wa kuegemea ni kanuni za kumlinda mtumiaji za 2018 zilizo chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, zinazomtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji, TCRA-CCC, linalotetea na kushauri. La kuamua kesi yako si wao. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani.

Kwenye barua taja unachotaka. Walalamikaji wengi husimulia mateso kurasa mbili na hawaombi kitu. Andika hivi: naomba siku nilizokosa huduma, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, ziongezwe kwenye kifurushi changu. Nakala ya barua hiyo hiyo mpelekee mtoa huduma siku unayoituma. Siku nyingine nakala peke yake inatosha kuleta simu.