Doa la mafuta kwenye nguo, usikimbilie maji

Jamani nguo ikidondokewa na mafuta ya chakula usikimbilie maji, maji na mafuta hayapatani kabisa, we chukua tishu ugandamize doa taratibu, usisugue maana ukisugua unalisambaza, halafu weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, liache kama dakika 10 ndo usuuze na maji ya uvuguvugu. Ila kama ni yai au maziwa tumia maji ya baridi tu, ya moto yanaligandisha doa. Na kabla hujapiga pasi angalia vizuri kwenye mwanga, kama bado linaonekana rudia, ukishalipitishia pasi kulitoa ni kazi kwelikweli. Binzari ya manjano kwenye meza nyeupe? Futa na sabuni kisha iweke hiyo meza juani, ile rangi inafifia yenyewe.