Usiingizwe Mjini Septemba: Tiketi na Utani wa Cy-Hawk kwa Waswahili wa Iowa

Usinunue tiketi ya mechi kwa picha. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu hamtafika mwisho wa andiko hili. Usinunue tiketi kwa picha, hata muuzaji awe anaongea Kiswahili cha Kigoma kilichonyooka, hata awe anasali kanisa moja na shemeji yako.

Sasa tuwafungulie wageni, hasa waliohamia Des Moines au Cedar Rapids juzi na wanashangaa kwa nini kazini watu wameanza kununiana kwa kucheka. Iowa haina timu hata moja kwenye ligi kubwa za kulipwa za Marekani, si ya futiboli ya Kimarekani, si ya kikapu, si ya besiboli. Mapenzi yote ya jimbo yameangukia vyuo vikuu viwili. Kuna Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Iowa City, weusi na dhahabu, na kuna Cyclones wa Iowa State kule Ames, wekundu na dhahabu. Kwa futiboli hiyo ya Kimarekani wanakutana mara moja kwa mwaka, Septemba, msimu ukiwa bado mbichi, kugombea kombe la Cy-Hawk. Walianza mwaka 1894, wakasusiana baada ya 1934 hadi 1977, na tangu hapo wamekosa kucheza mwaka 2020 tu, kwa ajili ya korona. Mwaka wa shufwa mechi iko Iowa City, mwaka wa witiri iko Ames.

Aliyekulia Kariakoo hahitaji kufundishwa hapo. Ni Simba na Yanga, ila kuna tofauti mbili. Kwanza, hawa hawako ligi moja: Hawkeyes wako Big Ten, Cyclones wako Big 12. Anayefungwa hapotezi pointi kwenye msimamo wa ligi yake, anapoteza heshima tu, tena kwa mwaka mzima. Ndiyo maana utani wa Septemba una raha kuliko wa Novemba, wakati watu wanapiga hesabu za nafasi na hakuna anayetaka mzaha. Pili, uwanjani wanakaa pamoja. Utamkuta baba kavaa nyeusi, mama kavaa nyekundu, na mtoto kashonewa fulana nusu kwa nusu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitafuta polisi walipo.

Des Moines ndiko utani ulikonoga, kwa sababu Ames iko kaskazini, mwendo wa nusu saa na ushee, na Iowa City iko mashariki, kama saa mbili kwa barabara ya 80. Mji umegawanyika. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, na Ijumaa ya kabla ya mechi wafanyakazi wote huruhusiwa kuvaa fulana za timu. Kuna bibi mmoja, mkulima mstaafu, ana blanketi la Cyclones analovutia hadi kidevuni. Mwenzangu aliingia na vidonge vyake akiwa na fulana nyeusi. Bibi akakaza mdomo, akageukia ukutani. Ikabidi niitwe mimi niliyevaa kijani cha Taifa Stars. Akameza, kisha akanionya kwa kidole kwamba mwakani hatakubali mtu asiye na upande.

Kwa hiyo chagueni upande. Hilo ni suala la mstari mmoja: fulana ya dola kumi na tano dukani inatosha, na msinunue zile za dola mia.

Turudi kwenye tiketi, maana ndiko nilikopigwa.

Kwetu tiketi ni karatasi, au namba kwenye kadi, na zikiisha kuna mlanguzi nje ya geti. Mnabishana, unalipa, unashika. Ukishika ni yako. Huku tiketi haishikwi. Inakaa ndani ya programu ya simu, kwenye akaunti ya mtu, na kwenye viwanja vingi ile mistari ya kuskani inabadilika kila baada ya sekunde kadhaa. Picha ya mistari hiyo, skrinishoti, ni sawa na picha ya mkate. Niliyenunua kwake alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wetu, alijitambulisha kuwa ni mwanafunzi, akasema amepangiwa zamu ya kazi siku ya mechi. Dola 280 kwa viti viwili, wakati bei ya kawaida ilikuwa juu zaidi. Nikatuma pesa papo kwa papo kutoka benki yangu kwenda yake. Akatuma skrinishoti mbili, na emoji ya mikono iliyokutana.

Getini mashine ikalia nyekundu. Binti wa getini, mpole kabisa, akaniomba nifungue tiketi kwenye programu. Nikafungua picha. Akasema, hapana bwana, programu. Nyuma yangu foleni imevimba, mke wangu anajifanya hanijui. Yule mwanafunzi hakupokea simu, na kufika jioni picha yake ya wasifu haikuonekana tena.

Sasa sikilizeni sehemu ya benki, kwa sababu ndiyo mtego wenyewe. Tumezoea kwamba pesa ikienda pasipo pake unapiga kelele mapema, inazuiwa. Kule Kenya unapeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye namba 456 na kuomba irudishwe, na ukiwahi kabla mwenzako hajaitoa, una bahati. Nikadhani huku kwenye mabenki ya marumaru itakuwa rahisi zaidi. Benki yangu ikaniuliza swali moja: je, wewe mwenyewe ndiye uliyebonyeza kutuma? Ndiyo. Basi kesi imeisha. Sheria ya hapa inakulinda mtu akiingia kwenye akaunti yako bila ruhusa yako. Ukituma mwenyewe kwa hiari, hata kama umedanganywa, wanahesabu kama umempa mtu noti mkononi. Kadi ya mkopo ni habari nyingine. Huko unaweza kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya mwezi itoke, na mara nyingi husikilizwa. Kwa hiyo narudia: usinunue tiketi kwa picha, na usilipe kwa kutuma pesa ya papo kwa papo kwa mtu usiyemjua. Mtu akikataa kadi na akakataa kukuhamishia tiketi kwenye akaunti yako, huyo hana tiketi. Hana. Usimtafutie sababu.

Tiketi ikihamishwa vizuri, utapata barua pepe, utaikubali, na utaiona jina lako likiwa juu yake ndani ya programu. Hapo ndipo unalipa, au unalipa kupitia tovuti inayoshika pesa katikati. Bei ya kwanza utakayoonyeshwa siku hizi inapaswa kuwa na makato yote ndani yake, kwa sababu tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu inayowabana wauzaji wa tiketi za matamasha na michezo. Zamani ulikuwa unaona dola 60, ukifika mwisho ni 90.

Na kuna mtego wa pili ndani ya huo wa kwanza, nao unawahusu wajomba na mashangazi. Mpwa wako anasoma hapo chuoni. Tiketi ya mwanafunzi ni nafuu. Unamwambia, "Mwanangu, nipe yako, wewe utaona kwenye TV." Ndugu zangu, tuwaonee huruma watoto hawa. Tiketi ya mwanafunzi vyuo vingi imefungwa kwenye kitambulisho chake. Getini wataomba kitambulisho, na wewe una mvi. Utarudishwa, na yeye anaweza kunyang'anywa haki ya tiketi msimu mzima. Kwa mila zetu hawezi kukukatalia, kwa hiyo usimwombe.

Mpwa huyo huyo akiwa mwanariadha, ongezeni uangalifu mara mbili. Wakimbiaji wetu wamejaa kwenye vyuo vya huku kwa ufadhili. Kubeti michezo ni halali Iowa tangu Agosti 2019 kwa aliyefikisha miaka 21, na ofisini kila mtu atakuonyesha tiketi yake ya kubeti kama risiti ya dukani. Lakini mwanamichezo wa chuo anabanwa na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huku, na mwaka 2023 uchunguzi wa kubeti uliwakumba wanamichezo wa vyuo vyote viwili hivi. Wapo waliokosa mechi kwa sababu hiyo. Usimwazime simu yako abeti, usibeti kwa niaba yake, usimuulize nani ana maumivu ya goti kule kambini. Dau letu sisi liwe la chakula au la fulana. Hawkeyes wakifungwa, shabiki wao avae nyekundu Jumatatu, basi.

Na kwa kuwa nimetaja wakimbiaji: kuna wazee husema mpira huu wa kugongana vichwa hautuhusu. Jezi ya Iowa State ilivaliwa na Mkenya Yobes Ondieki kabla hajatwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na mwaka 2019 Mkenya mwenzake Edwin Kurgat aliwapatia ubingwa wa nyika wa vyuo. Uwanja wenyewe wa Ames una jina la Jack Trice, mwanamichezo wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Aliumizwa kwenye mechi dhidi ya Minnesota Oktoba 1923 na akafariki siku mbili baadaye, ana miaka 21. Ilichukua hadi 1997 uwanja mzima kupewa jina lake, baada ya wanafunzi kupiga kelele kwa miaka. Wapelekeni watoto wakaione sanamu yake, hata siku isiyo na mechi, ni bure.

Kuhusu siku yenyewe. Saa ya mechi huamuliwa na televisheni na mara nyingine hutangazwa karibu kabisa, kwa hiyo omba likizo ya siku nzima. Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha, la sivyo utaurudisha garini. Gari liegeshwe palipolipiwa. Kanuni za mchezo: wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, mengine utaelezwa na jirani yako, hata kama hukumuuliza.

Pombe nitaisema taratibu, kwa sababu nyumbani tumezoea kwamba mlevi anasindikizwa na wenzake akiimba. Iowa kulewa hadharani ni kosa peke yake, hata kama hujamgusa mtu. Na kuendesha gari umekunywa, kwa mwenye viza, ni msiba: kukamatwa tu, kabla hata ya hakimu kusema lolote, kumetosha viza kufutwa na wizara yao ya mambo ya nje. Tulia na soda. Hakuna atakayekuuliza.

Chakula cha kwenye maegesho kabla ya mechi ndicho ninachokipenda kuliko mechi. Watu wanafika alfajiri, wanafungua mlango wa nyuma wa gari, wanawasha jiko. Hapa Wamarekani wananishangaza kila mwaka. Jirani anayekusalimia kwa kidevu tangu Januari atakuwekea sahani mkononi, atakuuliza jina la mama yako, atakucheka rangi ya fulana yako na kukukumbatia. Jumatatu anarudi kwenye kidevu. Siwalaumu. Nadhani wanataka sana kukaa pamoja, ila wanahitaji mpira uwape ruhusa, na kalenda iwaambie lini waache. Sisi tunaokaa barazani bila sababu yoyote tunaonekana hatuna kazi. Waislamu muwe macho na zile soseji nene zinazoitwa brat, mara nyingi ni nguruwe. Pelekeni mishikaki yenu. Mishikaki ya kuku yenye ukwaju ilinipatia marafiki wa Hawkeyes kuliko miaka ya kuwasalimia kwa heshima.

Mkitaka kutambiana nao, jueni takwimu, vinginevyo mtazimwa. Kuanzia 2021 hadi 2024 kila mwaka aliyeshinda ni mgeni. Mwaka 2024 Cyclones walikwenda Kinnick, uwanja wa Hawkeyes kule Iowa City, wakashinda 20–19 kwa teke la yadi 54 zikiwa zimebaki sekunde chache, na 2025 wakashinda tena nyumbani, 16–13. Shabiki wa Hawkeyes ukimtajia hayo atakujibu kwa miaka ya 2015 hadi 2021, ambayo timu yake haikufungwa na Cyclones hata mara moja. Kitu kimoja tu hakitaniwi: mwisho wa robo ya kwanza pale Kinnick uwanja mzima, wa timu zote mbili, hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa waliopo kwenye hospitali inayotazama uwanja. Ilianza 2017. Weka simu chini, punga.

Kwa ndugu mnaokuja kutembea Septemba: mniambie Juni, si siku mkishatua Chicago. Binamu aliniandikia kutoka Mwanza akitaka viti vinne "vya kawaida tu", akidhani ni mechi ya wanafunzi kama za UMISETA, kiingilio soda. Uwanja wa Kinnick unaingiza watu wapatao 69,000 na vyuo sasa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja tangu 2025. Asiyetaka kulipa bei hiyo aje kwangu, TV ipo, ugali upo. Ila aje na fulana ya upande mmoja, bibi wa blanketi ameshaanza kuniuliza.