Jinsi ya kuandika historia ya CHF mkoani kwenu

Kama mkoani kwenu hakuna aliyeandika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ule ambao kaya ilichanga kwa mwaka ili itibiwe kwa kadi, ulianzaje, ulistawi wapi na ulikwama wapi, andika wewe, na uandike sasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, mfumo mzima unabadilika, na kadi za zamani watu wanawashia moto. Mimi nilikuwa karani wa kata mkoani Tabora, nimekata stakabadhi za CHF miaka mingi, na baada ya kustaafu nimeandika historia ya mfuko wa eneo letu. Njia niliyopita ni hii.

Usianze na ofisi, anza na kadi. Pita nyumba kwa nyumba uombe kadi za zamani. Kina mama ndio huwa nazo, zimefungwa kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto. Iliyo mbele yangu sasa ni ya karatasi ngumu, imekunjwa katikati mpaka jina la mkuu wa kaya limefutika nusu. Chini yake kuna mke na watoto wanne, na mtoto wa mwisho ameongezwa kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Tarehe ya malipo ni ya Julai. Kwetu Julai ni msimu wa kuuza pamba, fedha ipo mkononi. Kadi nyingi nilizoziona zina tarehe za miezi hiyo, na hapo nikaelewa kwa nini ukimwomba mtu ahuishe kadi mwezi Februari alikuwa anakuangalia tu. Piga picha pande zote mbili, mrudishie mwenyewe kadi yake palepale.

Halafu panga miaka, maana hapa wengi wanachanganya. Kuchangia gharama katika hospitali za serikali kulianza mwaka 1993. CHF ikajaribiwa kwanza wilayani Igunga, hapa hapa Tabora, mwaka 1996, chini ya Wizara ya Afya kwa msaada wa Benki ya Dunia, ndipo ikasambazwa wilaya nyingine. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ilikuja 2001, Igunga wakiwa wameshakata kadi miaka kadhaa. Mwaka 2009 usimamizi ukakabidhiwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwa watu wa mjini mpango huo uliitwa TIKA, yaani Tiba kwa Kadi.

Hiyo ni miaka ya nchi. Wilaya yako ina mwaka wake, kwa sababu kila halmashauri ilitunga sheria ndogo ya kuanzisha mfuko na kupanga mchango. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, uombe kuiona sheria hiyo pamoja na mihtasari ya Bodi ya Afya. Taja kwenye barua unachotaka na miaka yake. Barua inayoomba "taarifa za CHF" italala mezani.

Ukipata mihtasari, tafuta maneno matatu: tele kwa tele. Serikali iliahidi kuongeza fedha sawa na ile waliyochanga wanachama. Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa historia yote. Fuatilia: wanachama walichanga kiasi gani mwaka huo, tele kwa tele ilifika lini, ikanunua nini? Ukikuta kikao kinalalamika kwamba fedha haijafika, nakili tarehe, kisha nenda kwenye leja ya dawa ya zahanati uangalie miezi iliyofuata. Karatasi hizo mbili zisome pamoja.

Sasa wahoji watu, na zaidi wale walioacha. Usiulize "Unaionaje CHF?" Utajibiwa kwa adabu, "Ni nzuri." Uliza: "Mama, mara ya mwisho kukata kadi ilikuwa lini? Siku uliyoenda nayo zahanati ulipewa nini?" Kama mwaka haukumbukwi, msaidie kwa matukio: kabla au baada ya mvua za El Niño, kabla au baada ya msiba wa Mwalimu, uchaguzi upi. Mzee mmoja alinijibu hivi: "Nilionyesha kadi, nikaandikiwa dawa, nikaambiwa nikanunue dukani. Sasa nililipia nini?" Nimeiandika kama alivyoisema, bila jina lake. Ugonjwa wa mtu usiuandike kabisa, hata akikueleza mwenyewe.

Wasiojiunga nao wana sababu. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza walikuwa na msamaha wa kulipia matibabu, basi kaya yenye watoto wadogo ilipiga hesabu: anayebaki kulipiwa ni nani? Tafuta pia ada ya papo kwa papo, ile ya asiye na kadi kila anapotibiwa, ilikuwa shilingi ngapi mwaka ule. Pale ada ilipokuwa ndogo, kadi haikuwa na mvuto, na si haki kuwaita watu hao wagumu wa kuelewa.

Mwaka 2018 ndipo historia ya wilaya inapogeuka kuwa ya mkoa. CHF iliyoboreshwa, ambayo mbinu zake nyingi zilijaribiwa Dodoma kwanza, iliunganisha fedha ngazi ya mkoa. Kaya ya watu sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwanachama akaweza kupewa rufaa mpaka hospitali ya mkoa, wakati kadi ya zamani ilimfunga kwenye kituo chake. Waandikishaji walipita vijijini na simu, wakipiga picha wanachama na kuwaingiza kwenye mfumo. Hao wahoji mapema, kwa kuwa wengi ni vijana na wanahama.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti mbele ya kamati ya zahanati na wale waliokupa kadi. Kwetu walinirekebisha mwaka ambao mchango ulipandishwa, wakaleta na stakabadhi. Toa nakala tatu: moja zahanati, moja ofisi ya kata, moja maktaba ya mkoa. Picha za kadi zihifadhi kwa jina la kijiji na mwaka, usitumie majina ya watu.