Nchi ikifungiwa, mkimbiaji safi ajinasue vipi

Urusi ilipofungiwa riadha Novemba 2015 kwa kashfa ya dawa za kusisimua misuli, waliokuwa safi nao walizama. Kwenye riadha ya Olimpiki ya Rio 2016 alipita Mrusi mmoja tu, mruka chini Darya Klishina, kwa kuwa alikuwa akiishi na kupimwa Marekani. Ni dhuluma: bendera ivuliwe, asiye na kosa akimbie. Ila mlango huo hufunguliwa kwa vipimo, hausikii kiapo. Unayejifua viwanja vya Kirumba au Nyamagana hapa Mwanza, anza kuweka kumbukumbu leo.

Tenga daftari la dawa: jina, viambato, kiasi, tarehe, na risiti ya duka ibandikwe hapo hapo. Dawa za mafua nazo huponza. Pseudoephedrine, kiambato cha baadhi ya dawa hizo, ikizidi maikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya mbio, umekamatwa, hata kama ulikuwa unaumwa kweli, kama huna kibali cha matibabu. Mitishamba isiyoandikwa viambato, achana nayo kabisa. Orodha ya dawa marufuku hubadilika kila Januari 1, isome upya.

Ukiitwa kupimwa, mkojo unaotakiwa ni mililita 90. Usijijaze maji, maana mkojo mwepesi mno hulazimu utoe mwingine. Chagua chupa mwenyewe, linganisha namba za chupa A na B, funga mwenyewe, kisha dai nakala ya fomu.

Aliye kwenye orodha ya wanariadha wa kufuatiliwa kwa vipimo vya kushtukiza hutaja dakika 60 za kupatikana kila siku. Ukivuka kwenda msibani Ukerewe, badilisha anwani kabla kivuko hakijang'oa nanga. Makosa matatu ya kutopatikana au kutotoa taarifa sahihi ndani ya miezi 12 ni kufungiwa michezo.