Mvua ikikata asubuhi, beba darubini uende ziwani

Mvua kubwa ikipiga usiku watu wengi wa hapa Mwanza wanasema kesho hakutokeki, mimi ndo siku ninayoamka saa 11 alfajiri, maana ndege wa ziwani wanakuwa wamelala njaa na wakitoka wanatoka wote.

Usianze kutafuta ndege, angalia maji kwanza. Mto Mirongo unashusha tope lote la mjini mpaka pale unapoingilia ziwa panakuwa kama chai ya maziwa, sasa mdiria yule mweusi na mweupe anawinda kwa macho, anasimama hewani anapiga mabawa anachungulia samaki, kwenye tope haoni kitu, kwa hiyo mfuate kwenye mawe ambako maji bado yanaonekana, mfano Capri Point. Kwenye madimbwi na tope sasa ndo kuna yangeyange wale weupe, kwarara wenye mdomo uliopinda chini, na korongo domowazi, huyu mdomo wake una nafasi katikati na chakula chake ni konokono. Simama mbali kidogo, jua liwe mgongoni kwako.

Ukipenda vuka uende kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na kwa boti ni karibu tu. Ila wingu likiwa bado jeusi au kuna upepo subiri, samaki hawaendi popote na ndege pia. Kule kwenye mawe utawaona mnandi, ndege wa maji wanaozamia samaki, wamekaa wametandaza mabawa, wanajianika hao, hawaondoki haraka, kwa anayeanza ndo ndege mzuri wa kujifunzia.

Halafu jua likitoka ukaona kumbikumbi wanaruka, acha kila kitu, simama hapohapo usitembee. Mbayuwayu watakuja, keremkerem wale wala nyuki watakuja, mwewe anawadaka kwa kucha anakula hukohuko angani, yaani nimeshaona mara nyingi na bado huwa nasahau hata kupiga picha.

Gambuti ni lazima jamani. Usikanyage maji ya ziwa miguu mitupu, kichocho kinapenya kwenye ngozi na huku kwetu kipo kweli, na usijipenyeze kwenye matete usikoona mbele, viboko na mamba wapo. Simu weka kwenye mfuko wa nailoni.

Furukombe, yule tai mla samaki, utamsikia kabla ya kumwona, ukisikia ule ukelele angalia juu ya mti mkavu karibu na maji, kichwa na kifua vyeupe kama kanzu ya Ijumaa.