Milango minne, lava moja: namna ya kugawa majengo yako ya kupangisha

Baba alikuwa na milango minne ya biashara katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, ubavu kwa ubavu: vitenge, farmasi, vifaa vya ujenzi na mbadilisha-pesa. Aliamini mali yake imegawanyika. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapasua mji mpaka ziwani, na milango yote ikazikwa. Siku chache baadaye nilimsindikiza. Mawe yalikuwa bado yanachoma soli za viatu. Mkononi alishika funguo nne, zimefungwa kwa kamba nyekundu.

Ndiyo maana nilipoanza kununua majengo yangu sikuhesabu milango, nilihesabu balaa. Chukua daftari, kila jengo lipewe mstari wake: liko wapi, wateja wa mpangaji ni akina nani, pango linakufikiaje, mkataba unaisha lini. Jibu likijirudia mistari mitatu, hapo pana tundu.

Mahali ndipo pagumu. Nilidhani Goma na Bukavu zinatosha, ziwa zima likiwa katikati. Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Banki zikafungwa. Mpangaji wangu mwenye ofisi nzuri kuliko wote, aliyezoea kulipa kupitia banki, alikaa miezi bila kutuma kitu. Mama wa depo ya unga alinilipa mkononi. Sasa nina mlango Lubumbashi pia. Huko balaa ni bei ya shaba: ikishuka, wanaohudumia migodi ndio wa kwanza kurudisha funguo. Nimempa mwenye farmasi, kwani homa haingoji shaba ipande.

Kipimo changu: mji mmoja usilete zaidi ya nusu ya pango lote, na mpangaji mmoja asizidi theluthi.

Mikataba yangu ni ya pango neti, maana yake mpangaji analipa pango, na juu yake anabeba kodi ya serikali ya jengo, bima na matengenezo. Ni raha, ila usilale. Kwa sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo iliingia 2012, matengenezo makubwa kama paa na shimo la choo ni ya mwenye jengo, msipoandikiana vingine. Andikeni wazi, kitu kwa kitu. Hati ya bima uisome mwenyewe: volkano na vita visipotajwa kuwa vimo, hesabu kwamba havimo.

Tarehe nazo uzitawanye. Mpangaji aliyefanya biashara miaka miwili ana haki ya kuomba mkataba mpya, na kwa mkataba wenye muda anatakiwa aombe angalau miezi mitatu kabla haujaisha. Mimi niliwahi kuachiwa milango miwili Desemba moja, na pango la Januari likawa la mlango mmoja tu. Siku hizi mkataba mmoja unaisha Machi, mwingine Agosti, mwingine mwaka unaofuata.

Sasa hivi nina mlango mtupu Kadutu, mtaa wa Bukavu. Wawili wanautaka: muuza simu, na mwenye kinu cha kusaga muhogo. Wa simu ameongeza dola hamsini. Lakini mpangaji wangu wa Goma naye anauza simu, na wote wawili huchukua mzigo kwa tajiri yuleyule. Jumamosi natia sahihi na mwenye kinu.